Skonzi za mdalasini na orodha ya Babeli



Anayedhani kwamba Mungu wa Biblia hajishughulishi na mambo ya jikoni afungue Kutoka sura ya 30. Pale Musa anapewa vipimo vya mafuta ya kuwapaka makuhani na vyombo vya hema, na ni vipimo kamili, si vya kukadiria kwa jicho: manemane shekeli 500, mdalasini nusu yake, yaani 250, kisha kane, kida na mafuta ya zeituni. Shekeli 250 ni karibu kilo tatu za mdalasini. Muuza viungo wa sokoni kwetu akipata mteja wa namna hiyo asubuhi, anafunga genge na kwenda kulala. Mara baada ya vipimo yanafuata masharti: mafuta hayo asipakwe mtu wa kawaida, wala mtu asijitengenezee ya kwake nyumbani. Atakayethubutu atatengwa na watu wake.

Naitaja sura hiyo kwa sababu siku hizi ukipita Dunda au Magomeni, hapa Bagamoyo, Jumamosi jioni, harufu ya makuhani inatoka madirishani. Vijana wetu wamejifunza kwenye simu kuoka zile skonzi za kuzungusha, zenye mdalasini ndani na aisingi nyeupe juu. Wanazipiga picha kwanza, ndipo wanazila. Wazee wanasema hayo ni maandazi yaliyokwenda shule. Mimi nazipenda, wala sitaliungama jambo hilo.

Wasweden watawaambia kwamba skonzi hizi ni zao, na tangu mwaka 1999 wamezitengea siku, tarehe 4 Oktoba. Siku hiyohiyo sisi tunamkumbuka Mtakatifu Fransisko wa Asizi, maskini yule, ambaye nadhani angeomba moja na kumpelekea mkoma. Wasweden tunawafahamu hapa mjini, maana waliisaidia sana kazi ya Chuo cha Sanaa. Lakini Sweden hauoti hata mti mmoja wa mdalasini. Kila punje waliyoinyunyiza ilivuka bahari, na kila kilichovuka bahari sisi wa Bagamoyo tuna haki ya kukiuliza maswali.

Kwanza tuoke, maswali yatafuata.

Nusu kilo ya unga wa ngano. Hamira kijiko kimoja na nusu cha chai, sukari vijiko vitatu vya chakula, chumvi kidogo, yai moja, siagi au samli vijiko viwili vya chakula. Kisha tui la nazi vuguvugu, kama kikombe kimoja, uliongeze taratibu huku ukikanda. Nimesema tui, si maziwa. Hapo tunaachana na Wasweden, na mimi nasimama upande wa nyumbani. Kanda mpaka unga uache kushika mkono, funika kwa kitambaa chenye unyevu, uweke pembeni. Kwa joto letu la Novemba unga unaumuka upesi, mara nyingi chini ya saa moja, kwa hiyo usiende kupiga soga kwa jirani ukasahau. Ukizidi unachachuka na ladha yake inabaki mdomoni hata aisingi haiwezi kuificha.

Sukuma kwa kifimbo juu ya kibao mpaka upate umbo la mstatili. Paka siagi iliyolainika, nyunyiza sukari uliyoichanganya na mdalasini wa kusaga, vijiko viwili vya chai. Kuna anayedhani atapata harufu zaidi akiutia mdalasini wote ndani ya unga wenyewe tangu mwanzo. Asifanye hivyo. Mdalasini una nguvu ya kuzuia vijidudu, na hamira ni vijidudu. Ukiutia kwa wingi unga unakuwa mzito, unakaa palepale ulipouacha. Ndiyo maana mahali pake ni katikati ya mkunjo.

Halafu unakunja kama unavyokunja mkeka baada ya wageni kuondoka. Kukata usitumie kisu, kinabonyeza na kuziba mizunguko yote. Chukua uzi safi wa kushonea, upitishe chini, pishanisha ncha zake juu, vuta. Vipande vinatoka vimesimama wima. Vipange kwenye sufuria iliyopakwa mafuta, uviachie nafasi vitanuke, uvisubiri tena mpaka vigusane mabega. Asiye na oveni asisikitike: makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko, dakika ishirini na tano au thelathini, na pua itakuambia kabla ya saa.

Aisingi ni sukari ya unga, maji ya ndimu kidogo na maziwa kijiko kimoja. Ile ya siagi na jibini inayoonekana kwenye video ni ya nchi za baridi. Kwa unyevu wetu wa pwani, ikifika saa nne asubuhi imeshateleza yote. Na uwe na subira. Ukiimimina skonzi zikiwa za moto, itatiririka mpaka chini ya sufuria, na utakuwa umewaandalia sisimizi.

Basi. Mtoto wa darasa la tatu ananunua skonzi mlangoni kwa jirani, anakwenda akilamba vidole, na katika vidole vyake kuna kiungo kile ambacho sheria ya Musa ilikiweka katika mafuta yasiyopakwa mtu wa kawaida. Hili peke yake ni jambo la kumshukuru Mungu. Sisi tuliobatizwa tumepakwa krisma, mtoto wa mvuvi na mtoto wa mkuu wa wilaya kwa mafuta yaleyale, na kila mmoja ameambiwa kwamba ana sehemu katika ukuhani wa Kristo. Ningeweza kuishia hapo, nanyi mngerudi nyumbani mmefurahi. Lakini safari ya mdalasini katika Biblia haiishii Kutoka. Unapita kitandani kwa mwanamke wa Mithali sura ya 7, unachanua bustanini katika Wimbo Ulio Bora, na mara ya mwisho tunaukuta mahali pabaya sana.

Kabla ya kufika huko, sikilizeni hadithi moja ya kale. Mgiriki Herodotus, karne ya tano kabla ya Kristo, aliandika jinsi mdalasini unavyopatikana. Alisema wako ndege wakubwa Uarabuni wanaojenga viota kwa vijiti vya mdalasini juu ya majabali yasiyopandika. Watu huweka chini mapande makubwa ya nyama ya ng'ombe na ya punda, ndege huyabeba mpaka viotani, viota huanguka kwa uzito, watu hukimbilia kuokota. Karne kadhaa baadaye Mrumi Pliny aliisoma hadithi hiyo akaipuuza. Akasema imetungwa ili bei ipande.

Ni kweli hakuna ndege. Mdalasini halisi asili yake ni Sri Lanka, na leo unaota Unguja, Pemba, na katika milima ya Usambara upande wa Muheza na Amani. Pale yuko mtu mwenye panga. Anasubiri mvua, kwa sababu gome lenye maji linabanduka vizuri. Anakata tawi, anakwangua ganda la nje, anachana gome la ndani kwa urefu na kulibandua kwa uangalifu lisipasuke, analianika, nalo linajikunja lenyewe likikauka. Kisiki kinachipua upya, na baada ya miaka miwili mitatu anarudi palepale. Mikono yake inanuka mdalasini hata akiwa kanisani. Hadithi ya ndege ilikuwa na faida moja kwa wachuuzi wa zamani, zaidi ya kupandisha bei: ilimwondoa mtu huyo machoni. Mnunuzi wa Athens au Roma aliuona mdalasini na bei yake tu. Kati ya vitu hivyo viwili palikuwa na ndege.

Yohane, akiwa kisiwani Patmo, anamrudisha mtu yule. Someni Ufunuo sura ya 18. Babeli imeanguka, na Babeli kwa Yohane ni Roma, mji uliokuwa ukila mali ya dunia nzima. Wafanyabiashara wanasimama mbali wakilia, si kwa sababu watu wamekufa, bali kwa sababu hakuna tena wa kununua shehena zao. Kisha Yohane anaifungua hati ya shehena na kutusomea: dhahabu, fedha, lulu, kitani, hariri, vyombo vya pembe za ndovu, shaba, chuma, marumaru. Halafu mdalasini. Halafu manukato, divai, mafuta, unga mzuri, ngano, ng'ombe, kondoo, farasi, magari. Na mwisho kabisa, baada ya magari, miili na roho za wanadamu.

Liturujia yetu inaisoma sura hii katika juma la mwisho la mwaka wa Kanisa, miaka ya mzunguko wa pili, lakini inairuka orodha. Msomaji anasoma kuanguka kwa mji, anaruka aya kadhaa, anaendelea na jiwe la kusagia linalotupwa baharini. Naelewa kwa nini: orodha ni ndefu na watu wana kazi asubuhi. Ila kwa parokia zetu za pwani nadhani ni hasara. Sisi tungeisikia orodha ile kuliko Wakristo wengi.

Kwa maana ingeweza kuandikwa forodhani kwetu. Pembe ziliteremka hapa kutoka Unyamwezi na Manyema mabegani mwa wapagazi, na pamoja na pembe waliteremka watu waliofungwa. Wengine walivushwa kwenda Unguja kwenye mashamba ya mikarafuu, wengine walipelekwa kaskazini, Pangani, ambako katika karne ya 19 watumwa walilima miwa na kuchemsha sukari. Hebu itazameni tena skonzi mkononi mwenu: unga mzuri, mafuta, mdalasini, na sukari juu yake. Vitu vitatu kati ya hivyo Yohane anavitaja kwa majina, na cha nne Pangani inakijua. Havina dhambi. Unga haujamkosea mtu. Ubaya umo katika kalamu iliyomwandika mwanadamu kwenye karatasi ileile, kwa wino uleule, mwishoni, kama kitu kilichosahauliwa kikaongezwa.

Sisi Wakatoliki tunapenda kusimulia kwamba hapo ndipo tulipoingia. Ni kweli. Mwaka 1868 wamisionari wa Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padre Antoine Horner, walitoka Unguja wakaanzisha misheni hapa, wakawakalisha watumwa waliokombolewa, wengi wao watoto walionunuliwa sokoni Unguja. Hiyo ilikuwa miaka mitano kabla Sultani Barghash hajatia saini, Juni 1873, mkataba wa kulifunga soko lile. Tuna haki ya kuona fahari. Lakini tusimulie yote. Watoto wale walipewa kengele, ratiba na jembe. Waliyalima mashamba ya misheni chini ya nidhamu kali, na baadhi yao walitoroka. Padre Paul Kollman, mwanahistoria, ameyaeleza hayo bila kupaka sukari katika kitabu chake cha mwaka 2005. Mtu aliyenunuliwa ili awe huru bado alikuwa na mnunuzi, na mnunuzi, hata akiwa mtakatifu, hupata taabu kuacha kuhesabu.

Yuko mwingine katika mji huu ambaye simulizi lake nalipenda, ingawa si wa Kanisa letu. Sheikh Ramiya, jina lake Yahya bin Abdallah, aliletwa pwani akiwa mtoto, mtumwa kutoka Manyema, mashariki ya Kongo. Katika orodha ya Babeli yeye alikuwa mstari wa mwisho. Akasoma, akawa mwanachuoni, akawa kiongozi wa tarika ya Qadiriyya, na alipofariki mwaka 1931 waungwana wa Bagamoyo walikuwa wamekaa miguuni pake kujifunza. Wajukuu wa mabwana walimwita sheikh. Majirani zetu Waislamu wanaokuja kwenye maulidi ya nyumba ya sheikh huyo wanalijua jambo hili vizuri kuliko mimi, na natamani vijana wetu wa katekesi nao walijue. Haikutosha kwa Mungu mtu yule afutwe tu kwenye karatasi ya mizigo. Alimpa kiti.

Sasa nirudi kwetu, mwaka huu, jiko hili. Sipendi mahubiri yanayolia kwa ajili ya dhambi za karne ya 19 na kusahau chai ya leo.

Ngano tunayokula hapa nchini nyingi inatoka nje. Vita vilipoanza Ukraine mwaka 2022 bei ya unga ilipanda, na andazi la Bagamoyo likapungua ukubwa kwa sababu ya mizinga ambayo hatukuisikia. Na ngano ya kwetu wenyewe ina historia yake: mashamba makubwa ya Hanang, yaliyoanzishwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Kanada, yalichukua malisho ya Wabarabaig. Naligusa hilo na kulipita, maana mama anayenunua kilo mbili dukani Majengo hawezi kuirudisha ardhi ya Hanang jioni ile. Lipo jambo moja analoliweza, nalo liko karibu sana.

Mama mmoja mwema wa parokia, mchapakazi, aliniletea sinia la skonzi. Zilikuwa nzuri kweli, mizunguko imefungana, aisingi imeshika. Nikamsifu mkono. Akacheka, akasema, "Hapana Baba, mkono si wangu. Kakanda binti tu." Binti yupi? "Wa kazi, Baba." Nikamuuliza jina lake, ili nimtumie asante. Jina la kwanza akalipata. La baba yake hakulijua, wala kijiji alichotoka, ila alijua ni "huko Singida". Mama huyu hampigi binti wala hamnyimi chakula. Lakini binti anaamka saa kumi za usiku akande unga, skonzi zinauzwa, hela inaingia, na yeye analipwa mshahara uleule waliokubaliana kabla biashara ya skonzi haijaanza. Kati ya skonzi na bei yake, ndege wa Herodotus wamerudi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Hilo ni la serikali, nalo ni la chini kabisa. Asiyelifikia asitafute tafakari, amtafute wakili. Mtume Yakobo katika sura ya 5 anakwenda mbali zaidi. Anasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele hiyo imeshafika masikioni mwa Bwana. Anawataja waliovuna mashamba. Waliokanda unga angewaacha?

Kwa hiyo nina ombi kwa kinamama wa WAWATA, umoja wetu wa wanawake Wakatoliki, ambao wameamua kuoka skonzi za mdalasini na kuziuza mpaka Noeli kwa ajili ya paa la darasa la watoto. Jambo jema, nami nitanunua. Mnapopiga hesabu ya gharama mnaandika unga, sukari, siagi, nazi, mdalasini, mkaa. Andikeni na mkandaji. Jina lake kamili, na kiasi chake mbele ya jina, kabla hamjahesabu faida. Kama amejitolea, na aseme mwenyewe kwamba amejitolea, asisemewe na mwenye nyumba. Yohane alimkuta mwanadamu mwishoni mwa karatasi, akiwa mzigo. Kwenu awe juu, mlipwaji wa kwanza. Najua faida itapungua; paa litachelewa mwezi mmoja au miwili, na watoto wataendelea kujifunza Baba Yetu chini ya mwembe, ambako kwa kweli kuna hewa nzuri kuliko darasani.

Na viongozi wa jumuiya ndogondogo, Jumamosi hii mtakapokutana msitumie somo lililopangwa. Someni Ufunuo 18, aya ya 11 hadi ya 13, polepole, bila kuruka kitu. Atakayesoma awe yule aliyeandaa vitafunio vya siku hiyo, hata kama ni dada wa kazi, hata kama anasoma kwa kusitasita, mngojeeni. Baada ya hapo yeye ndiye aanze kusema, kama anapenda, na wengine wafuate. Wakati wa chai akae kwenye mkeka pamoja na wote. Birika alishike baba mwenye nyumba.